Vikopo Vinne vya Mtindi Usio na Laktosi

Katika mwaka wa pili wa shahada yangu ya uzamili, mjini Iringa, nilisimama mbele ya jopo la walimu wanne kutetea pendekezo langu la utafiti. Katika dakika ya kumi na moja niliweka karatasi zangu mezani, nikasema samahani, nikatoka nje. Nilirudi baada ya dakika ishirini na tano. Walimu walikuwa wakizungumzia baridi ya mwaka ule. Mmoja wao aliniuliza kwa upole kama ningependa kuendelea siku nyingine, nami nikajibu kwamba ningependa. Upole ule ndio ulionivunja. Kwa miezi mingi baadaye, kila nilipoingia katika chumba chenye watu, nilihesabu kwanza hatua za kutoka kiti changu hadi mlangoni.

Utafiti wangu unahusu kumbukumbu za mvua za nyanda za juu kusini, zile zilizoandikwa kwa mkono katika madaftari ya vituo vidogo. Kazi yangu ni kutilia shaka tarakimu: kuuliza kama aliyeandika sifuri alikuta kipimo kikavu, au hakwenda kukitazama. Baada ya siku ile ya jopo nililihamishia tumbo langu tabia hiyo. Niliandika nilichokula, saa niliyokula, na saa maumivu yalipoanza. Niliandika aina ya maumivu: kujaa, kunguruma, kusokota, kuharisha. Nilipojaza kurasa thelathini nilizipeleka kwa daktari, naye akazipindua kwa heshima kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Vipimo vyote vilikuwa safi. "Huna kidonda, huna amiba, huna taifodi," alisema. "Una utumbo unaokasirika upesi. Ni ugonjwa kamili, usikubali mtu akwambie ni mawazo. Ila mawazo huuchochea." Kisha akaniuliza ninakunywa maziwa kiasi gani, nikacheka, kwa maana nimekulia nyuma ya banda la ng'ombe. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba huenda mambo mawili yamekutana ndani yangu: utumbo wa hasira, na upungufu wa kimeng'enya kinachovunja laktosi, ile sukari ya asili iliyomo ndani ya maziwa. Hilo la pili hulitia moto la kwanza. Niache maziwa kwa wiki sita, kisha nijaribu mtindi ambao laktosi yake imekwisha kuvunjwa kiwandani.

Mjini Iringa mtindi huo niliupata katika duka moja tu, la familia ya Kihindi iliyokaa pale tangu enzi za babu zao. Mama mwenye duka aliuagiza kwa sababu ya mumewe.

"Dada, ni huu," aliniambia, akiutoa chini kabisa ya friji. "Mume wangu akinywa chai ya maziwa ya kawaida, mimi nahamia chumba cha mama mkwe."

"Na huu akila?"

"Akila huu nalala kwangu."

Nilikula kikopo cha kwanza chumbani kwangu, saa sita na nusu mchana, nikiwa nimeketi wima kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ulikuwa mtamu kidogo kuliko mtindi niliouzoea, kwa sababu sukari iliyovunjwa huonekana tamu zaidi ulimini. Saa nane, hakuna kitu. Saa tisa na robo, hakuna kitu. Saa kumi nilitambua kwamba nimekuwa nikitazama ukuta kwa zaidi ya saa tatu, na kwamba ninalia. Sikuliandika hilo la kulia.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama yangu, na hapo ndipo nilipokuwa mwoga.

Mama anaishi Mbalizi, na tangu baba alipofariki ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Sehemu kubwa ya maziwa hupelekwa kila asubuhi mahali yanapokusanywa. Yanayobaki humiminwa katika kibuyu ambacho bibi, mama yake, alikuja nacho kutoka Rungwe alipomfuata bintiye mjini. Kibuyu hicho hakikuwahi kuoshwa hadi ndani. Mgando ulipopungua, masalio yaliachwa chini, maziwa mapya yakamiminwa juu yake, na baada ya siku mbili yakaganda kwa nguvu ya yale ya kwanza. Masalio hayo tuliyaita mbegu. Bibi alikwisha kufa, lakini mbegu yake iliendelea kugandisha maziwa ya ng'ombe ambao hakuwajua.

Nyumbani kwetu, mtu aliyekataa mgando wa kibuyu kile alikuwa na neno moyoni. Nikiwa darasa la tatu nilimwona mjomba wangu akikisukuma kikombe mbele ya bibi, bila kusema lolote, kisha akainuka. Miaka mitatu ikapita bila yeye kukanyaga uani petu. Kwa hiyo, nilipoanza kuacha maziwa, nilidanganya. Mara ya kwanza nilisema ninatumia dawa zisizopatana na maziwa. Mara ya pili nilisema basi lilisimama Nyololo nikala nikashiba. Mara ya tatu nilisema nimepiga mswaki, sababu ambayo haimfai hata mtoto. Mama alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akauliza, "Siku hizi maziwa ya hapa yamekuwa machafu?" Nikacheka. Yeye alikwenda kuwaita kuku, ambao hawakuwa wamepotea.

Nilijua kilichokuwa hatarini. Nisipomweleza, angeamini kwamba elimu imenifanya nimwonee kinyaa. Nikimweleza, ningekuwa nimemwambia kwamba chakula alichonilea nacho kinaniumiza, na pengine kiliniumiza tangu utotoni, siku zile aliponishika kichwa na kunisihi nimalize. Nililipima jambo hilo kwa njia zote nilizofundishwa kupima mambo, na kila kipimo kilinipa sababu mpya ya kuahirisha.

Mwezi wa sita nilikwenda Mbeya kunakili madaftari ya mvua katika ofisi moja ya mjini. Ningekaa kwa mama wiki nzima. Nilibeba vikopo vinne vya mtindi katika chupa pana ya kuhifadhia baridi, nikivishika mapajani njia nzima.

"Ndaga, mwanangu, karibu," mama alinipokea Jumamosi kwa salamu yake ya Kinyakyusa. Aliponiona nikivipanga vikopo ndani ya beseni la maji, alichukua kimoja akakigeuza. "Sasa hii ndiyo nini?"

"Mtindi, mama."

"Umebeba mtindi kutoka Iringa kuja kwa mwenye ng'ombe?"

"Huu ni tofauti. Umetolewa kitu. Tumbo langu linaupokea vizuri zaidi."

"Umetolewa nini?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema yote. Nilisema, "Kitu fulani cha ndani ya maziwa. Kinanisumbua kidogo."

"Kidogo," alirudia. Akakirudisha kikopo majini, taratibu, kama kitu cha mgeni.

Jumapili nilikula kimoja mbele yake. Alinitazama kila kijiko. Jumatatu asubuhi niliondoka mapema kwenda ofisini, na niliporudi jioni nilikuta vikopo viwili katika beseni badala ya vitatu. Nilidhani nimekosea hesabu. Kisha nikakumbuka kwamba hesabu ya vitu vinne si rahisi kuikosea. Nikajiambia kwamba mama amekionja kisiri, na wazo hilo likanifurahisha kiasi kwamba sikuuliza. Niliona pia kibuyu kimefungwa blanketi karibu na jiko. Nilifikiri ni kwa sababu ya baridi.

Jumatano sikwenda mjini, kwa kuwa ofisi ilikuwa na ukaguzi. Saa saba mchana mama aliniita jikoni. Mezani palikuwa na kikombe kikubwa cha bati kilichojaa mgando mweupe, mzito, uliokatika vizuri kijiko kilipopita. Alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Kula," alisema. "Huu hautakuuma."

"Mama..."

"Sikiliza kwanza. Nimechukua kikopo chako kimoja, ndiyo, nimekuibia. Nimechemsha maziwa, nimeyaacha mpaka kidole kinavumilia, nimekoroga ule wako humo. Mbegu ikiwa nzuri, maziwa yote yanaifuata. Sasa una lita tatu. Huna haja ya kubeba vikopo kama mgonjwa wa hospitali."

Ninataka kuandika kwa usahihi nilichokijua wakati ule. Nilijua kwamba bakteria wa mtindi hurithishwa, na kwamba kuhusu bakteria mama hakuwa amekosea hata kidogo. Nilijua pia kwamba kilichoondoa laktosi katika mtindi wangu hakikuwa bakteria hao, bali kimeng'enya kilichotiwa kiwandani, na kimeng'enya hakizaliani. Maziwa ya ng'ombe wetu yalikuwa na laktosi yake. Bakteria wangekula sehemu, sehemu ingebaki. Nilianza kukadiria kichwani ni sehemu gani, kwa saa ngapi, katika joto gani, nikiwa nimeshika kijiko, na mama akiwa amesimama mbele yangu mikono imekunjwa juu ya kitenge kile kipya.

Nilikula kikombe chote.

"Unaona?" alisema. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu baba alipokuwa hai.

Saa tisa kasoro dakika kumi tumbo lilianza kujaa. Saa tisa nilikuwa katika choo cha uani, nyuma ya banda, nimeegemeza paji la uso kwenye ukuta wa matofali. Msokoto ulikuja, ukaachia, ukarudi na nguvu zaidi. Nilijaribu kutotoa sauti. Nilifungua bomba la pale nje ili maji yafunike sauti, nikarudi ndani, nikasikia mtu akilifunga.

"Ni maziwa yangu?" mama aliuliza kutoka upande wa pili wa mlango.

Nilishika komeo la mlango, sikulifungua.

"Nimekuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile ya dawa?"

"Hakukuwa na dawa."

"Nyololo je, ulikula?"

"Sikula kitu Nyololo."

Nilimsikia ng'ombe akicheua. Kisha mama akasema, "Ile ya mswaki niliijua," na sauti yake ilitetemeka mahali ambapo kicheko kilipaswa kuwa.

Nilipotoka alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote: jopo la walimu, hatua za mlangoni, daktari, utumbo wa hasira, laktosi. Nilieleza kimeng'enya kwa mfano wa mtu anayepasua kuni kabla hazijaletwa jikoni. Ukipanda kuni zile hazioti mpasuaji. Alisikiliza vizuri. Ana darasa la saba, na anaelewa haraka kuliko wengi niliosoma nao.

"Kwa hiyo mbegu haibebi," alisema.

"Haibebi, mama."

"Kama ungeniambia Jumamosi kwamba ni dawa inatiwa, nisingefanya."

"Najua. Lakini hakuna kilichoharibika. Huo mgando utaula wewe."

Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Nilikiosha kibuyu," alisema. "Nilikisugua na mchanga na maji ya moto, mara tatu, mpaka ndani. Nilisema lisibaki hata tone la yale yanayokuumiza."

Ilinichukua muda kufahamu. Mbegu ya bibi ilikuwa katika kibuyu kile na, nilivyojua mimi, haikuwa mahali pengine popote. Mama alikuwa ameitoa kwa mikono yake, asubuhi ya Jumatatu, akaimwagia kuku, na aliijua thamani yake alipokuwa akifanya hivyo. Alikuwa amechagua kati ya mama yake na mimi. Na alichagua kwa kutegemea neno "kidogo" nililompa.

Yeye ndiye aliyeinuka kwanza.

"Iko kwa mama mkubwa wako wa kule juu," alisema. Huyo ni jirani yetu wa zamani, mkubwa kwake kwa miaka michache, aliyehamia upande wa pili wa mji. "Nilimpa mimi mwenyewe alipohama. Kesho asubuhi uende na kikombe. Mbegu haiombwi jioni."

Alhamisi nilikwenda kwa miguu, tumbo likiwa bado bichi, nimeshika kikombe kitupu chenye kifuniko. Mama mkubwa alikuwa anafagia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba! Msomi! Leo umekuja na kikombe, vitabu umewaachia nani?"

"Nimetumwa mbegu ya maziwa."

"Mama yako kaishiwa mbegu? Yule? Leo jua litachomoza magharibi, huko Tunduma." Alicheka, kisha akaniona usoni, akaacha. Aliweka ufagio ukutani. Nilimweleza kwa kifupi kilichotokea.

Aliingia ndani akarudi na ndoo ndogo ya plastiki, lakini hakuifungua.

"Mwanangu, nikwambie ukweli. Ile ya bibi yako ilikatika. Ng'ombe wangu alikauka, miezi minne sikuwa na tone la kuilisha. Alipozaa nikanunua pakiti ya dukani nikaanza nayo. Hii ni ya dukani."

"Mama anajua?"

"Atajulia wapi? Niliona haya. Mtu kakupa kitu cha mama yake, umwambie umekiua?" Alichota mgando, akaujaza kikombe changu. "Sasa wewe una akili. Mpelekee. Ataonja, ataona ni ileile. Mimi mwenyewe nikifumba macho sioni tofauti. Mwache mama yako na raha yake."

Ninakiri kwamba nilianza kurudi nikiwa nimeamua kumtii. Hoja zilikuwa nyingi na nzuri. Pengine hata ya bibi haikuwa ya bibi. Katika miaka yote ile, maziwa yakimiminwa wazi, vijidudu vingine vingi vilikwisha kuingia kibuyuni, na hakuna maabara ambayo ingeweza kuapa kwamba mgando wa mwaka huu ni mtoto wa mgando wa Rungwe. Mama angepata amani. Mama mkubwa angestiriwa. Nilitembea polepole nikiziongeza hoja moja juu ya nyingine, na nilipofika penye lori la viazi lililoharibika kando ya barabara nilisimama, kwa sababu nilizitambua. Zilikuwa zilezile za dawa, za Nyololo, za mswaki. Nilikuwa nimezivalisha nguo nzuri zaidi.

Mama alikuwa mlangoni. Kibuyu kilikuwa mapajani mwake, kimemwagwa mgando wa jana, kimekauka, na maziwa ya asubuhi yalikuwa tayari katika sufuria miguuni pake.

"Umeipata?"

"Nimepata mgando, mama. Si ya bibi. Ya mama mkubwa ilikatika ng'ombe wake alipokauka. Hii imeanzia kwenye pakiti ya dukani."

Alikigeuza kibuyu, akachungulia ndani, kana kwamba pangeweza kuwa na kitu alichokisahau pale chini. Kisha akauinamisha uso wake juu ya mdomo wa kibuyu, na mabega yake yakatikisika. Hakulia sana. Niliketi karibu naye juu ya sakafu na sikumgusa, maana sikujua kama nina haki hiyo.

"Amekwambia uniambie?" aliuliza alipotulia.

"Amesema nikuache na raha yako."

"Huyo," alisema, akajifuta kwa ncha ya kanga. "Nitamwendea Jumapili. Nitamsema mpaka ahame tena."

Alinyoosha mkono, nikampa kikombe. Alinusa, akaonja kwa ncha ya kidole, akakaa nacho mdomoni muda mrefu kuliko inavyohitajika. Sikumwuliza kama kuna tofauti.

"Shika shingo," alisema. Nilikishika kibuyu kwa mikono miwili, naye akamimina mbegu ile ya dukani, yote, kisha maziwa juu yake, bila kumwaga tone. Alikiziba kwa gunzi la mahindi.

"Basi lako kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitakuchemshia viazi vya njiani." Aliinuka akishikilia bega langu. "Nitie nini, nisitie nini? Sema sasa, na usiniambie kidogo."

Nikamwambia.